Nambari Kubwa Nayo Huhojiwa

Katika sensa iliyoanza usiku wa kuamkia Agosti 25, 2019, Kaunti ya Nairobi ilipatikana kuwa na wakazi 4,397,073. Wanafunzi wameikariri nambari hiyo na walimu wameitahini. Ni wangapi miongoni mwetu waliowahi kuihoji?

Tuanze kwa kuiainisha. Ni witiri, kwa kuwa inaishia kwa 3. Si nambari tasa, maana jumla ya tarakimu zake ni 33, na 33 hugawika kwa 3. Basi nayo ni 3 × 1,465,691. Westlands, iliyo magharibi mwa jiji, ilikuwa na watu 308,854. Hii ni shufwa, tena ni zao la nambari tasa nne: 2 × 7 × 13 × 1,697. Hakuna tasa nyingine zitakazoizaa.

Mwanafunzi atauliza: haya yanifaa nini? Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari lenyewe nalo huweza kukosewa, na hapo ndipo sifa za nambari huwa msaada.

Katika sensa hiyo Nairobi iligawanywa katika kaunti ndogo 11. Chukua idadi ya kila moja, jumlisha tarakimu zake, ugawanye kwa 9 na utazame baki. Starehe, palipo na kitovu cha jiji, ilikuwa na watu 210,423: jumla ya tarakimu ni 12, baki 3. Westlands huacha 1; Dagoretti, yenye watu 434,208, huacha 3. Lang'ata huacha 2, Kibra 8, Embakasi 5, Kasarani 5, Njiru 1, Makadara 5, Kamukunji 4 na Mathare 5. Jumla ya mabaki hayo ni 42, ambayo ikigawanywa kwa 9 huacha 6. Na jumla ya kaunti nzima? Tarakimu zake ni 33, baki 6. Zimeafikiana.

Huu si uganga. Kumi ni 9 na 1, mia ni 99 na 1, elfu ni 999 na 1. Ukiondoa tisa zote, kila tarakimu hubaki na thamani yake yenyewe, iwe katika makumi au katika mamilioni.

Hata hivyo, tusidanganyike. Karani akiandika 380,854 badala ya 308,854, kipimo cha 9 hakitamnasa, kwa sababu tarakimu ni zile zile. Kipimo cha 11 kitamnasa: nambari sahihi huacha 7, ile ya makosa huacha 1. Aidha, hakuna kipimo kati ya hivi kiwezacho kutuambia kama kila mlango ulibishwa hodi. Mabaki yakitofautiana, kosa lipo bila shaka. Yakilingana, huenda hesabu ni sahihi, na huenda kosa limejificha.

Walimu wetu, kanuni hizi mnazifundisha kila mwaka, na aghalabu huishia katika karatasi ya mtihani. Wapeni wanafunzi majedwali ya sensa, bajeti za kaunti na matokeo ya kura, kisha waambieni wayapime kwa penseli. Asiyejua kukagua jumla hana budi kumwamini aliyeijumlisha.