Klorini bado hai: kifaa cha kupima maji ya pisini na herufi kumi na sita

Mwezi wa kumi mwaka jana, hapa Lubumbashi, kifaa tulichokitengeneza ili kiwalinde watoto wanaoogelea kiliwafungulia mlango wa maji yasiyofaa. Vihisi vyake havikukosea. Iliyokosea ni sentensi, na sentensi hiyo niliiandika mimi, mwanafunzi wa isimu. Nitaeleza kwanza jinsi kifaa kinavyoundwa, kisha jinsi nilivyokosea.

Baba yangu mdogo ni mtunzaji wa pisini ndogo. Hupima maji asubuhi na jioni kwa vidonge vinavyobadilisha rangi. Lakini kati ya asubuhi na jioni kuna jua, na mwezi wa kumi, kabla ya mvua, jua letu hula klorini upesi. Ndugu yangu anayesoma politekniki akapendekeza kifaa kitakachopima kila baada ya dakika 10 na kutuma majibu kwenye simu. Akaniomba niandike ujumbe wa Kiswahili. Niliona ni kazi ya nusu saa.

Moyo wa kifaa ni ESP32, kibao kidogo cha kompyuta chenye Wi-Fi ndani yake. Kinaunganishwa na vihisi vitatu. Cha kwanza, DS18B20, hupima joto. Cha pili ni elektrodi ya kioo inayopima pH, yaani ukali au upole wa maji. Pisini hutakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8. Cha tatu ni elektrodi ya platini inayopima ORP, yaani nguvu ya maji ya kuoksidisha uchafu na kuua vijidudu, kwa millivolti. Sisi tuliweka mpaka wa 650: chini ya hapo, kifaa kitoe onyo.

Elektrodi ya pH hutoa ishara ndogo sana: kama millivolti 59 kwa kila hatua moja ya pH, maji yakiwa na joto la nyuzi 25. Kwa hiyo ishara hupitia kwanza kibao cha kuikuza, kisha huingia ESP32 bila kuzidi volti 3.3. Tumia pini za kundi la ADC1, kwa sababu zile za ADC2 hugongana na Wi-Fi. Elektrodi za pH na ORP zikiwa katika maji yale yale huweza kuvurugana. Kwetu namba zilikuwa zinarukaruka mpaka tulipotenganisha umeme wa kila moja. Kabla ya kuamini namba yoyote, tumbukiza elektrodi ya pH katika vimiminika viwili vyenye pH inayojulikana, 7 na 10, na ufundishe programu kutokana na hivyo. Usiiache ikauke. Na umeme wa ukutani usisogee karibu na maji: kifaa chetu kinatumia betri ya volti 5 ndani ya kisanduku kisichoingiza maji.

Safari ya intaneti inapita kwa njia iitwayo MQTT. Kifaa hupeleka habari kwenye kituo cha kati chini ya jina, kwa mfano pisini/ph, na kila simu iliyojiandikisha kwa jina hilo huzipata. Kwa kuwa mtunzaji hashiki simu muda wote, tuliweka pia kioo kidogo cha maandishi karibu na mlango wa pisini. Kioo hicho kina mistari miwili, kila mmoja herufi 16.

Kwa onyo la ORP niliandika: KLORINI BADO HAITOSHI. Nilisoma ujumbe kwenye kompyuta, nikausoma kwenye simu, ukaonekana mzima. Sikuusoma kwenye kioo. Hesabu mwenyewe: sentensi ina herufi 21 pamoja na nafasi. Kioo kilionyesha 16 za kwanza:

KLORINI BADO HAI

Siku hiyo baba mdogo alisoma, akafungua, watoto wakaingia. Mimi nilikuwa darasani, simu imezimwa. Nilipoiwasha na kumpigia, walikuwa majini robo saa tayari. Aliwatoa wote. Alipopima kwa vidonge, klorini ilikuwa kidogo mno na pH ilikuwa imepanda hadi 8. Hatukusikia mtoto aliyeugua, lakini hiyo ilikuwa bahati tu. Nilipofika aliniambia bila hasira: “Mashini yenu ilisema klorini iko hai, mwana wangu. Mimi nilifungua mulango.”

Alisoma sawasawa. Haitoshi ni ha- ya ukanushi, i- ya ngeli, kisha shina. Kioo kilikata penye mpaka wa mofimu, na viambishi viwili vilivyobaki vikawa neno kamili lenye maana ya kinyume. Na bado, inayobeba “mpaka sasa” katika kukana na katika kukubali, ikalipokea neno hilo bila kusita. Kifaransa kingekatwa hapo hapo, Chlore insuffisant ingebaki Chlore insuffisa, na msomaji angeelewa. Katika lugha yetu ukanushi huingia ndani ya kitenzi. Ukikata kitenzi, huenda ukabaki na sentensi nzuri isiyo ya kweli.

Kulikuwa na kosa la pili. ORP haipimi kiasi cha klorini. Klorini inayoua vijidudu upesi ni asidi ya hipoklorasi, na kiasi chake hutegemea pH: kwenye 7.5 ni karibu nusu ya klorini huru, kwenye 8 ni karibu robo. Kwa hiyo ORP inaweza kushuka kwa sababu klorini imekwisha au kwa sababu pH imepanda, na siku ile yalikuwa yote mawili. Ujumbe wangu, hata ungekuwa mzima, ungemtuma mtu kuongeza klorini tu. Dawa za kazi hizo mbili hazichanganywi kamwe: asidi na klorini zikikutana kabla ya maji hutoa gesi yenye sumu.

Sasa kila mstari tunauhesabu, na onyo linaanza na tendo, si na maelezo:

WATOTO WASIINGIE
PIMA pH, KLORINI

Kila mstari una herufi 16 kamili. Neno salama tumeliondoa kabisa, kwa kuwa kifaa hakiwezi kuahidi hivyo. Namba zikiwa nzuri kinaandika HAKUNA ONYO. Kihisi kikifa, kinaandika SINA HABARI, ili ukimya usidhaniwe kuwa habari njema. Na hakuna ujumbe unaopitishwa kabla baba mdogo hajausoma kwa sauti mbele ya kioo chenyewe na kutuonyesha kwa mikono angefanya nini.

Nilimwuliza kama tuandike BATOTO BASIINGIE, jinsi tunavyosema nyumbani. Herufi ni zile zile 16. Alikataa. “Ba- ni ya kusema, wa- ni ya kuandika,” alisema, akaenda kupima maji kwa vidonge vyake, kama kila jioni.