Gari moshi si mbuzi

Mtu akikuuliza kwa nini treni ya TAZARA hujipinda kama nyoka ikishaondoka Mlimba, mjibu hivi: gari moshi si mbuzi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza. Haliwezi kukwea mlima wima. Kwa hiyo mjenzi hana budi kuuzunguka mlima, kuutoboa, au kuvuka korongo kwa daraja.

Kati ya Mlimba na Makambako yote matatu yalifanyika. Kutoka Ifakara njia ni tambarare, mashamba ya mpunga huku na huku. Baada ya Mlimba milima huanza. Katika kilometa zipatazo 157 tu kuna mahandaki 18 na madaraja 46. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo tatu zenye urefu wa mita 50. Abiria anayechungulia dirishani hapo, hata awe msemaji namna gani, hunyamaza.

Kwa nini taabu yote hiyo? Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia, na shaba ya Zambia ikakosa njia ya kuaminika kusini. Nchi za Magharibi zilikataa kugharamia reli mpya. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda wakageukia China. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na kilometa zote 1,860 hadi Kapiri Mposhi zikakabidhiwa Julai 1976. Baadhi ya Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto.

Lakini reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba, watu wa bonde la Kilombero waliifanya yao. Masika barabara ikigeuka tope, treni ndiyo iliyobeba mchele, ndizi na wagonjwa.

Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitiliana saini makubaliano ya kuifufua. Ni jambo la heri. Ila treni ya shaba haina sababu ya kusimama kituo kidogo. Wakubwa wanapopiga hesabu za tani, wamkumbuke na mama wa bondeni mwenye magunia yake mawili ya mchele, anayeingoja treni tangu alfajiri. Naye ni mwenye reli.