Springi Iliyotulia Haijalala

Mwalimu akikosea mbele ya wanafunzi wake huona haya; akikosea mbele ya mwanawe huona haya maradufu. Mimi nilikosea mbele ya mwanangu, tena katika somo nililolifundisha kwa miaka mingi, na nusura kosa hilo limtoe jicho.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2019. Usiku uliotangulia tulisikia kishindo mithili ya mlio wa bunduki kutoka gereji tunamoegesha gari nyumbani. Asubuhi tukakuta moja kati ya springi mbili, au kamani kama kamusi zetu zinavyoziita, zilizofungwa juu ya mlango imekatika vipande viwili. Mlango ambao siku zote mke wangu aliuinua kwa mkono mmoja, sasa ulikuwa mzito kana kwamba umepigiliwa misumari sakafuni.

Nikajisemea moyoni: mimi ni mwalimu wa fizikia, fundi wa nini? Nikapanda ngazi, na kijana wangu, aliyekuwa Kidato cha Pili, akaishikilia kwa chini. Nia yangu ilikuwa kuifungua springi nzima iliyosalia niende nayo dukani kuitafutia mwenzake. Nikachomeka bisibisi katika tundu lililo kichwani mwa springi hiyo, kisha nikalegeza skrubu zilizoibana kwenye mhimili wake wa chuma. Yaliyofuata sikuyaona. Bisibisi ilinichomoka, ikapita karibu na sikio la kijana, ikatoboa lipu ya ukuta. Mkono wangu ulivimba juma zima.

Tulipotulia, mwanangu akaniuliza kwa adabu, "Baba, kwani hii siyo ile kanuni ya Hooke?"

Naam, ndiyo hiyo. Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza, aliieleza katika kitabu alichokichapisha mwaka 1678: kadiri springi inavyovutwa ndivyo nguvu yake ya kurudi inavyozidi, maadamu haijavutwa kupita kiasi. Darasani tunaning'iniza vipande vya uzani, tunapima kwa rula, tunachora grafu, tunapata mstari ulionyooka, kengele inalia. Aghalabu hatumwambii mwanafunzi kwamba springi huweza pia kusokotwa, na kwamba ukiongeza msokoto wake maradufu, nishati iliyomo ndani yake huongezeka mara nne.

Na tufanye hesabu kidogo. Mlango mpana wa chuma huweza kuwa na uzito wa kilo 90, sawa na gunia moja la mahindi. Unapofunguliwa, vipande vyake hupanda na kulala chini ya dari, na kitovu cha uzito huo huinuka kwa kiasi cha mita moja. Hiyo ni kazi ya jouli 900 hivi, na wanaoifanya hasa ni springi, wala si mkono wa mwenye nyumba. Mlango ukiwa umefungwa, nishati hiyo yote imebanwa humo kimya kimya. Hata nusu yake, iliyo katika springi moja, inatosha kuvunja mkono wa mtu.

Fundi niliyemwita baadaye hakuja na grafu. Alikuja na fimbo mbili za chuma kigumu zilizoingia sawasawa katika matundu ya springi. Kwanza aliubana mlango kwenye reli zake usije ukainuka ghafla. Kisha akachora mstari wa chaki juu ya springi mpya, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Akaikaza robo mzunguko baada ya robo mzunguko, asiichomoe fimbo moja kabla ya nyingine kushika, huku mstari wa chaki ukijizungusha, naye akihesabu mizunguko kwa kuutazama. Muda wote alisimama kando. "Mwalimu," akaniambia, "springi ikitulia, usidhani imelala."

Alizibadilisha zote mbili. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwamba zilianza kazi siku moja, kwa hivyo umri wao ni mmoja. Hakika, chuma nacho huchoka. Springi nyingi za aina hii hukadiriwa kudumu kwa kufungua na kufunga mara 10,000. Nyumba inayoutumia mlango mara nne kwa siku itafikisha idadi hiyo baada ya siku 2,500, karibu miaka saba. Kwa wenzetu wa Mombasa na Lamu, chumvi ya baharini huleta kutu, na kutu huufupisha umri huo.

Je, mwenye nyumba akae tu akisubiri kishindo? La hasha! Yapo mengi awezayo kuyafanya mwenyewe. Azipake springi oili kidogo kila baada ya miezi michache, na reli azipanguse vumbi. Azitazame nyaya za kuinulia mlango kama zimeanza kufumuka, bila kuzigusa. Kama mlango una mota, aitenganishe mlango ukiwa umefungwa, kisha auinue kwa mkono hadi katikati na aache kuusukuma, asisimame chini yake. Mlango ulio sawa hubaki hapo hapo. Ukishuka kwa kishindo, springi zimechoka. Springi ikikatika, aache kuutumia mlango na amwite fundi. Kukaza na kulegeza springi ndipo mpaka wa kazi ya mwenye nyumba ulipo.

Enyi walimu wenzangu, mpaka huo ndio ninaotaka tuufundishe. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisifiwa kwa kuthamini kazi za mikono. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa kote nchini kuanzia mwaka 2019 katika madarasa ya chini, umekuja na ahadi iyo hiyo. Lakini mwanafunzi hawi mmilisi kwa kuthubutu kushika bisibisi pekee. Anapaswa kujua ni nini kilichojificha ndani ya kitu anachokishika, na ajue pia wakati wa kuiweka bisibisi chini. Mimi nilikuwa na cheti nikakosa ujuzi huo. Fundi yule alikuwa nao kwenye viganja vyake. Mficha uchi hazai, nami nimeamua kuyasema haya hadharani.

Vile vipande viwili vya springi sikuvitupa. Kila ninapofika kwenye kanuni ya Hooke huvipeleka darasani, nikaviweka mezani kabla ya kuchora grafu, na kuwasimulia wanafunzi kisa hiki bila kuficha aibu yangu. Nalo tundu la ukutani sijaliziba. Kila niendapo kulichukua gari asubuhi hulitazama, nikakumbuka sikio la mwanangu.