Kobe wa Rodrigues walikwisha. Na gorila wa Walikale?

Zamani, kwenye kisiwa cha Rodrigues, upande wa Morisi katika Bahari ya Hindi, kulikuwa kobe wakubwa sana. Mfaransa François Leguat, aliyefika pale mwaka wa 1691, aliandika kwamba mtu aliweza kutembea juu ya migongo yao hatua zaidi ya mia moja. Karibu mwaka wa 1800 walikuwa wamekwisha. Leo hakuna hata mmoja.

Nani aliwamaliza? Si watu waliochukia kobe. Ni mabaharia, watu wa kazi ngumu, wenye njaa na mbali na nyumbani. Kobe hakimbii, tena anakaa miezi ndani ya meli bila kula. Basi walipakia maelfu na maelfu, kama vile leo tunapanga mifuko ya kaseterite. Kila mmoja alijisemea: kisiwa kimejaa, mimi nachukua wachache tu.

Hii hadithi inatugusa sisi, kwa sababu karieri ndani ya pori la Walikale iko kama kisiwa. Barabara iko mbali, kila kitu kinafika kwa mugongo wa mtu, na bei inapanda kila kilometa. Nyama ya pori ndiyo inakuwa karibu. Kwanza wanakamata makako na swala. Siku moja kamba ya waya, ambayo haichague mnyama, inakamata mkono wa gorila. Ao mwenye bunduki anaona nyama ya kilo nyingi kwa risasi moja.

Huyu gorila, anayeitwa gorila wa Grauer, anaishi mashariki ya Kongo tu. Hayuko katika nchi nyingine yoyote. Pori la Walikale, pamoja na ile sehemu ya chini ya Parke ya Kahuzi-Biega, ni kati ya nyumba zake za mwisho. Mwaka wa 1995 wataalamu walikadiria karibu 17.000. Ripoti ya 2016 ilisema wamebaki karibu 3.800. Hesabu ya 2021, iliyofika sehemu nyingi zaidi, ilitoa karibu 6.800. Hawakuzaliana ghafla, ni kuhesabiwa vizuri zaidi. Hata hivyo, hawafiki nusu ya wale wa zamani.

Ni kweli, si wachimbaji peke yao. Vita ilileta silaha na ikawafukuza walinzi. Lakini gorila, kama kobe, anaongezeka polepole. Mama anazaa mtoto mmoja, na anapita miaka mine hivi, ao zaidi, mbele ya kuzaa mwingine. Ukiua mama, mtoto wake mdogo naye anakufa. Sheria ya 2014 inakataza kumuua, na nyama yake inaweza kuleta magonjwa kama Ebola.

Muchimbaji atauliza: "Sasa mukubwa, tukule nini?" Ni swali la haki. Mtu anayeshinda ndani ya shimo hawezi kushiba na maneno. Lakini jibu liko karibu. Masisi inalima maharagwe na viazi, inafuga ng'ombe na kutengeneza fromaji. Ndagala na makayabu yanabebeka na hayaozi haraka. PDG wa shimo anapopiga hesabu ya nyundo, tochi na mbao, aweke na mufuko wa maharagwe na ndagala za timu. Mama anayepika kwenye karieri akipata chakula cha kupika, hatanunua nyama ya gorila. Na kamba za waya tuziondoe karibu na mashimo.

Kuna habari moja nzuri. Kwenye kisiwa cha Aldabra, sehemu ya Shelisheli, ndugu za wale kobe waliachwa na wakalindwa. Leo wako karibu 100.000. Mnyama anayeachwa anarudi, lakini lazima abakie mmoja wa kuzaa.

Kaseterite na koltani zitakwisha siku moja, shimo litafungwa, sisi tutaenda pengine. Watoto wetu wa Walikale watabaki na pori. Heri walikute na wenyewe wake ndani.