Lindo Lisiachwe Tupu: Huduma kwa Jamii ni Faradhi katika Uislamu

Na Afisa wa Uhusiano wa Jeshi

Kila askari aliyepitia chuo cha mafunzo anaijua kanuni ya lindo. Usalama wa kambi ni dhamana ya kombania nzima, lakini kombania nzima haisimami langoni usiku kucha. Hupangwa zamu, wachache hukesha, na wenzao hulala usingizi wa halali. Waliolala hawana lawama, kwa kuwa wanajua kwamba lipo jicho lililo macho kwa niaba yao. Lakini ikiwa kila mmoja alidhani kuwa mwenziwe yuko zamu, na adui akapita kwenye lango lisilo na mtu, basi hakuna wa kumnyoshea kidole mwingine. Aibu hiyo ni ya wote, kuanzia kamanda hadi kuruti.

Wanazuoni wa Kiislamu waliufafanua wajibu wa aina hii zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, nao wakaupa jina: faradhi kifaya, yaani faradhi ya kutosheleza. Ni vyema tuufahamu, Waislamu na wasio Waislamu, kwa sababu katika vikosi vyetu tunakula chungu kimoja, na kwa sababu fundisho lililomo ndani yake linaigusa kazi yetu sisi tuliovaa sare.

Faradhi za namna mbili

Katika Uislamu zipo faradhi za namna mbili. Ya kwanza ni faradhi ain, inayomlazimu kila mtu kwa nafsi yake: sala tano, saumu ya mwezi wa Ramadhani na mfano wa hayo. Hapa hakuna kuwakilishana. Mtu hawezi kumsalia mwenziwe sala ya alfajiri. Ya pili ndiyo faradhi kifaya, ambayo imewekwa juu ya mabega ya jamii nzima. Mfano wake mashuhuri ni maiti. Mtu akifariki ni lazima aoshwe, avishwe sanda, asaliwe na azikwe. Wakitokea watu wa kutosha kuifanya kazi hiyo, jamii yote imesalimika. Wasipotokea, dhambi ni ya kila aliyejua na akaweza, lakini akakaa kitako.

Asiyefahamu huweza kudhani kwamba faradhi hii ya pili ni nyepesi, kwa vile mwingine aweza kumtulia mzigo. Imamu al-Juwayni, aliyefariki mwaka 1085, aliona kinyume chake. Alifundisha kwamba mwenye kuitekeleza faradhi kifaya anaweza kupata daraja iliyo juu zaidi, kwa kuwa anajiondolea lawama yeye mwenyewe na kuwaondolea wenziwe wote.

Mwanafunzi wake, Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilieleza jambo hili kwa upana zaidi. Katika kitabu chake kiitwacho Ihyaa Ulumid-Din aliingiza katika faradhi kifaya elimu ya utabibu na ya hesabu, pamoja na kazi ambazo watu hawawezi kuishi bila ya hizo, kama vile kilimo na ufumaji. Kisha akawakemea wasomi wa zama zake. Aliona miji mingi ambayo haikuwa na tabibu Mwislamu hata mmoja, ilhali vijana walisongamana kusomea sheria, kwa sababu sheria ilikuwa njia ya kupatia vyeo, mali za wakfu na usimamizi wa mirathi ya mayatima. Lindo moja lilijaa walinzi, na lindo jingine likaachwa tupu.

Kilima cha Kibuli

Lawama hiyo ya al-Ghazali ilipata mfano wake hapa Uganda katika karne ya 20. Wakati wa utawala wa Waingereza, elimu ilikuwa zaidi mikononi mwa misheni za Kikristo. Wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao katika shule hizo wasije wakabadilishwa dini. Matokeo yake ni kwamba Waislamu walikuwa na masheikh na wafanyabiashara, lakini walikuwa na upungufu mkubwa wa walimu, makarani na madaktari.

Miongoni mwa walioliona lindo hilo tupu alikuwa Mwanamfalme Badru Kakungulu wa ukoo wa kifalme wa Buganda, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki mwaka 1991. Alitoa ardhi yake mwenyewe katika kilima cha Kibuli, mjini Kampala. Leo msikiti unaonekana kutoka mbali, na karibu nao zipo shule na hospitali. Askari polisi waliopata mafunzo yao Kibuli wanazifahamu vizuri nyumba hizo, kwani walipiga kwata katika kilima hicho hicho. Mgonjwa wa dini yoyote hutibiwa katika hospitali ile. Waliomfuata mwanamfalme waliendelea kuchanga na kujenga, na jamii nzima ikapunguziwa deni lake.

Maiti wasio na wenyewe

Mfano mwingine, ulio mkubwa kwa kadiri yake, unatoka katika mji wa Karachi nchini Pakistan. Mwaka 1947, India ilipogawanywa, kijana mmoja aitwaye Abdul Sattar Edhi alihamia mji huo pamoja na jamaa zake kutoka Bantva, katika Gujarat. Alikuwa na umri wa miaka kama 19, hana mali wala cheo. Mwaka 1951 alifungua zahanati ndogo katika mtaa wa Mithadar. Mwaka 1957 homa kali ya mafua ilipoenea duniani na kuingia Karachi, alisimamisha mahema ya kuwatibu wagonjwa. Baadaye akapata gari moja kuukuu, akaligeuza la kubebea wagonjwa. Kutokana na gari hilo moja likazaliwa shirika la magari ya wagonjwa ambalo kitabu cha rekodi za Guinness kililitaja kuwa kubwa kuliko yote ya kujitolea duniani.

Lakini kazi iliyomtambulisha zaidi ni ile ambayo vitabu vya sheria huitumia kama mfano. Edhi aliwaokota maiti wasio na wenyewe, barabarani na majini, waliokwisha haribika hata jamaa zao wasingeweza kuwagusa. Akawaosha kwa mikono yake, akawazika. Jiji lenye mamilioni ya watu, kila mmoja akiamini kuwa mwingine atafanya, liliondolewa dhambi na mtu aliyekubali kushika zamu. Mkewe, Bilquis, aliyekuwa muuguzi, alisimamia malezi ya watoto waliotupwa. Mbele ya vituo vyao waliweka vitanda vya watoto, ili mama aliyeshindwa amweke mtoto wake pale bila ya kuulizwa neno, badala ya kumtupa jalalani.

Walikuwapo waliomlaumu, hata miongoni mwa watu wa dini, kwa kutobagua Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, na kwa kuwalea watoto wa nje ya ndoa. Hakuacha. Alipofariki tarehe 8 Julai 2016, taifa lilimzika kwa heshima za kiserikali. Jeneza lake lilibebwa juu ya gari la mzinga, mizinga 19 ikapigwa, na majenerali wakampigia saluti. Hakuwahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Kila askari anaelewa uzito wa heshima hiyo, na anaelewa kuwa haitolewi kwa mtu aliyelala kwenye lindo.

Mpaka wa mwenye mamlaka

Hata hivyo, sisi wenye silaha na mamlaka tunahitaji tahadhari. Kuamrisha mema na kukataza mabaya ni sehemu ya faradhi hii, na wako wanaofikiri kwamba kuijali jamii maana yake ni kuichungulia. Hapa masimulizi mawili juu ya Khalifa Umar bin Khattab, aliyetawala kuanzia mwaka 634 hadi 644, yanatufaa sana. Umar alikuwa na desturi ya kupiga doria usiku.

Husimuliwa kwamba usiku mmoja alimkuta mwanamke akichemsha maji matupu ili kuwabembeleza watoto wenye njaa mpaka walale. Umar alirudi ghalani, akajitwisha gunia la unga, na mtumishi wake alipotaka kumpokea akakataa, akijua kwamba siku ya hesabu hakuna atakayembebea mzigo wake. Akaenda akapika yeye mwenyewe, moshi ukimpita ndevuni.

Usiku mwingine, kama anavyosimulia al-Ghazali, Umar aliparamia ukuta wa nyumba ya mtu na kumkuta katika maasi. Mtu yule alimjibu kwamba ikiwa yeye amekosa mara moja, basi Khalifa amekosa mara tatu: amepeleleza, na Kurani Tukufu imekataza kupelelezana, ameingia kwa ukutani, na imeamrishwa nyumba ziingiwe kwa milango yake, tena hakubisha hodi wala hakutoa salamu. Umar hakuwa na jibu. Alimwachilia baada ya mtu huyo kuahidi kutubu.

Mlinzi ni yule yule na doria ni ile ile. Doria iliyompeleka kwa mwenye njaa ilimletea sifa. Doria iliyomrukisha ukuta wa raia ilimfanya yeye ndiye mshtakiwa. Askari na alichukue hili moyoni.

Zamu yetu

Je, sisi tufanye nini? Jeshi la Uganda, katika majuma yanayotangulia maadhimisho ya Tarehe Sita Februari, hutoka makambini kuwatibu raia, kukarabati zahanati na shule, na kusafisha masoko. Ni desturi njema. Lakini lindo halikeshwi juma moja likaachwa majuma 51. Kisima kilichozibuliwa mwezi wa Februari huweza kuziba tena mwezi wa Juni, na mama mjane aishiye nyuma ya kambi hali chakula mara moja kwa mwaka.

Sura ya 107 ya Kurani inawakemea watu wanaosali na huku wanamsukuma yatima na kuwanyima jirani zao hata msaada mdogo. Msaada mdogo ndio ulio ndani ya uwezo wa kila kituo na kila kambi: kuchangia damu, kumfikisha hospitali mama mwenye uchungu wa uzazi usiku wa manane, kuwakumbuka wajane na mayatima wa wenzetu waliokufa vitani, kumsindikiza maiti asiye na jamaa hadi kaburini. Askari Mkristo atapata amri hizo hizo katika mafundisho ya dini yake. Kwa hiyo hakuna wa kusema kuwa jambo hili halimhusu.

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Faradhi kifaya inatufundisha kwamba mzigo huo si wa mwenzio tangu mwanzo. Ni wako, nawe umebahatika tu kwamba mwingine ameubeba. Siku utakapoona haujabebwa na mtu, usiulize ni kazi ya nani. Ingia zamu.