Volani imekatala kutoka: mbele ya kuchukua nyundo



Kwa mikutano yetu ya bonde la Ruzizi, watu waliniuliza juu ya mbegu, juu ya maji ya mifereji, na mara mbili juu ya volani ya motokari. Mimi ni mtu wa mimea, si mekanisie. Lakini mpunga hautembei wenyewe toka Luberizi mpaka soko ya Uvira, na koperative nyingi zinabeba mavuno ndani ya motokari ambazo zilizaliwa mbele ya dereva wake. Kwa hiyo leo tunaacha mbegu kando, tunaongea juu ya volani.

Nianze na ile niliyoiona kwa macho. Koperative moja ya mpunga, jina lake tuliache, ilikuwa na Land Cruiser fupi ya aina ya 40, zile Toyota iliunda Japani toka 1960 mpaka 1984. Volani ilianza kucheza mkononi, juu rulema ya fasi ya juu (ule mviringo wenye tufe ndogo za chuma) ilikuwa imekwisha. Ili kuifikia, lazima volani itoke kwanza. Fundi akafungua ekru ya katikati, akaiweka ndani ya kikombe, akavuta. Hakuna kitu. Akaleta nyundo ya kilo tano. Vijana wakaanza kupiga makelele: «Iko inaringa tu, mupige nguvu!» Mzee mmoja, mlinzi wa depo, akasema: «Watoto wangu, mungoje kwanza. Ile chuma haisikie makelele.» Hawakungoja. Walipiga ncha ya mti wa volani mpaka ikafunguka kama uyoga. Volani ikabaki palepale, na ekru ikakosa namna ya kurudi juu ya ile ncha.

Nilifika kesho yake kupima unyevu wa mpunga, nikakuta motokari haiwezi kwenda na magunia yanangoja. Wiki tatu nzima mpunga ulisafiri kwa pikipiki za kukodi. Kila gunia lililipa safari yake mbele ya kumlipa mkulima. Mti mwingine ulikuja kupatikana Bukavu, ulitolewa kwa motokari iliyokufa.

Sasa, juu ya nini volani inakwama vile? Angalia jembe lako. Mpini ni mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na kadiri unalima ndivyo unazidi kukaza ndani ya tundu lake. Hakuna msumari, hakuna gundi, lakini ukivuta kwa mkono hautoki. Volani nyingi za zamani zimekaa namna ileile. Ncha ya mti wa volani imepunguzwa kidogo kidogo kwenda juu, na iko na vijino vidogo vinavyoingia ndani ya vijino vya kitovu cha volani. Ekru ya juu inakandamiza kitovu chini miaka kumi, miaka makumi matatu. Ongeza mvua inayopita kwa mlango usiofunga vizuri, ongeza jasho la mikono na vumbi, kutu inajaza nafasi iliyobaki. Ukiondoa ekru, umeondoa kilichokandamiza tu. Mkazo wenyewe bado uko pale.

Tena ukipiga ncha kwa nyundo kubwa, nguvu haiendi kwa kutu. Inashuka na mti. Kwa motokari nyingi za zamani mti ule unashuka moja kwa moja mpaka kwa sanduku ya direksioni karibu na matairi, na pigo linakwenda kuumiza rulema za kule chini. Kwa zingine, za baadaye kidogo, nguzo ya volani iliundwa ili ijikunje wakati wa ajali isimchome dereva kifuani. Ndani yake kuna vipande vya plastiki. Pigo moja zito linavikata, na wewe hauone kitu mpaka siku volani inaanza kulegea barabarani. Nikifikiria mteremko wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Bukavu, pamoja na magunia nyuma na mama wawili juu ya magunia, sitaki hata kuendelea na ile sentensi.

Kazi nzuri inaanza siku mbili au tatu mbele. Simamisha motokari fasi sawa, weka mawe kwa matairi, nyoosha matairi ya mbele yaangalie mbele kabisa. Ondoa waya wa batri wenye alama ya kutoa (−), juu ndani ya volani kuna waya wa klaksoni. Kisha toa kifuniko cha klaksoni. Vingine vinatoka kwa kuvisukuma na kuvizungusha, vingine kwa kuviinua polepole na turnevisi iliyofungwa kitambaa, vingine viko na visi nyuma ya volani. Chini yake utakuta resorti na vipande vidogo vya shaba. Viweke ndani ya sahani kwa mpango uleule vilivyotoka. Mimi napenda kupiga picha na telefone kila hatua. Haigharimu kitu, na inamaliza mabishano ya jioni.

Sasa ekru inaonekana. Tumia kle ya duyi, ile yenye kichwa kama kikombe, yenye kipimo sawasawa. Mtu mmoja ashike volani kwa nguvu, mwingine afungue. Usiachie kufuli ya volani peke yake ishike, itavunjika. Fungua ekru mizunguko miwili au mitatu, halafu UIACHE pale juu. Narudilia: usiitoe. Volani iliyokwama ikiachia, inaachia mara moja, na uso wa mwenye kuvuta uko palepale juu yake. Nimekwisha kumwona kijana akipoteza jino namna ile. Ekru ikibaki, volani inaruka kidole kimoja tu na inasimama.

Mbele ya kuendelea, weka alama: mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya ncha ya mti na juu ya kitovu cha volani. Bila ile alama utairudisha ikiwa imepinda jino moja, na dereva atakulalamikia kila siku kwamba motokari inakwenda sawa lakini volani inaangalia kando.

Halafu mafuta. Kama soko iko na kopo la kupuliza la kulegeza kutu, vizuri. Kama hakuna, changanya petroli ya taa na mafuta kidogo ya motere, au mazuti tu. Inachelewa zaidi lakini inafanya kazi. Tone kidogo kuzunguka ncha, fasi mti unaingia ndani ya kitovu, asubuhi na jioni, siku mbili au tatu. Usimwage. Mafuta yatashuka mpaka kwa mabawa ya klaksoni na taa za kugeukia, na utakuwa na kazi ya pili.

Siku ya kazi jaribu kwanza bila chombo. Kaa kwa kiti cha dereva, weka magoti chini ya volani, shika kushoto na kulia, sukuma juu kwa magoti huku ukitikisa upande huu na upande ule. Nyingi zinatoka hapo, hasa kama mafuta yalipata muda wake.

Ikikatala, tunahitaji kivutio. Kwenye garaji kubwa wanacho, lakini chombo hiki sudere wa senta yoyote anaweza kukitengeneza. Ni kipande cha chuma bapa, kinene kama kidole gumba. Katikati kiko na tundu lenye ekru kubwa iliyosudwa, na ndani yake inapita buloni ndefu. Pembeni kiko na matundu mawili ya buloni ndogo. Volani nyingi za zamani, za Toyota ni hivyo, ziko na matundu mawili yenye filete kwenye kitovu, kushoto na kulia ya ekru. Yaliwekwa pale kwa kazi hii. Usikisie kipimo chake: chukua buloni kadhaa, jaribu kwa vidole mpaka moja iingie laini bila kulazimisha, kisha pima umbali kati ya matundu na umpelekee sudere.

Funga buloni mbili ndogo ziingie vya kutosha, mizunguko sita au saba, lakini zisipite chini zikagusa vitu vya ndani. Zungusha ekru ya volani mpaka ikae sawa na ncha ya mti, ili buloni kubwa ikandamize vyote viwili na isiharibu filete. Weka kipande kidogo cha shaba katikati. Kaza buloni kubwa mpaka iwe ngumu. Angalia kama chuma bapa kimekaa sawa, hakikuinama upande mmoja. Kaza tena robo ya mzunguko. Ngoja. Tona mafuta. Kaza robo nyingine. Kama bado, iache usiku mzima ikiwa imekazwa hivyo, nenda ukale. Kuna siku utasikia mlio ndani ya hangari bila mtu kuigusa.

Volani isiyo na matundu? Vuta chini ya kitovu tu, kwa chombo chenye mikono miwili. Usivute kamwe kwa mviringo wa inje wala kwa miguu ya volani. Plastiki ya zamani imekauka, inapasuka kama kibuyu.

Joto linasaidia: kitambaa kilicholoweshwa maji yaliyochemka, kizungushwe kwa kitovu dakika chache, kitovu kinapanuka kuliko mti ulio ndani. Moto wa shalimo, hapana. Kuna grisi, waya, plastiki, na mafuta uliyotona wewe mwenyewe siku tatu.

Na kuna motokari ambazo hatugusi kabisa. Kama volani imeandikwa SRS au AIRBAG, ndani yake kuna mfuko unaolipuka kwa kishindo ili kumlinda dereva. Ule unaweza kuvunja shingo ya mtu aliyeinama juu yake. Peleka kwa mtu aliyejifunza.

Njia ya kivutio inafaa vilevile kwa puli ya mashini ya kukoboa mpunga na ya kusaga mihogo. Wengi wanaitoa kwa nyundo na kupasua puli ya chuma cha kumwaga. Mafuta, kivutio, usiku mmoja: kazi ni ileile.

Wakati wa kurudisha, safisha vijino kwa brosi ya chuma, pangusa, paka grisi nyembamba sana juu ya vijino tu. Ile sehemu inayopunguka ibaki safi na kavu. Fuata alama yako ya rangi. Weka rondeli mpya ya kuzuia ekru isilegee, kaza vizuri, kisha vuta volani juu na chini kwa nguvu zako zote: isicheze hata kidogo. Zungusha toka mwisho mpaka mwisho, matairi yakifuata. Tembea polepole ndani ya uwanja wa depo, bila mzigo na bila watu. Baada ya safari ya kwanza ya Uvira, toa tena kifuniko cha klaksoni na ujaribu ekru kwa kle. Mara nyingi utapata robo ya mzunguko iliyolegea.