Tovuti ya Biashara Ndogo: Mpango Hutangulia Ujenzi

Tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zilizohifadhiwa katika kompyuta isiyozimwa, iitwayo seva, ili kila mwenye simu au kompyuta iliyounganishwa na intaneti aweze kuzisoma. Msomaji aandikapo anwani, programu iitwayo kivinjari hutafuta kwanza mahali ilipo seva yenye anwani hiyo, kisha huiomba ukurasa, na seva huleta nakala yake.

Ufundi huu ulibuniwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 katika kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. Mwaka 1993 kituo hicho kiliuachia ulimwengu ufundi huo bila malipo. Kwa hiyo mwenye biashara ndogo halipii uvumbuzi wenyewe. Hulipia jina la tovuti, nafasi katika seva na kazi ya fundi. Kwa kikundi cha wakulima, hata gharama hizo hutoka katika mfuko uleule unaonunua pembejeo. Ndiyo maana hapana budi kupanga kabla ya kujenga.

Swali la mnunuzi

Tuchukue mfano wa kikundi cha wakulima wa Igurwa, Karagwe, wanaokusudia kukaanga, kusaga na kuuza kahawa katika pakiti. Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, hustawisha sana kahawa aina ya robusta. Kahawa ghafi ina njia yake ya soko: vyama vya msingi vya ushirika, chama kikuu cha KDCU, na mnada. Tovuti haichukui nafasi ya njia hiyo. Wala haiwezi peke yake kukomesha butura, yaani ile desturi ya mkulima mwenye shida kuuza kahawa ingali mtini, kwa bei ya kutupa.

Lakini kahawa iliyokaangwa na kufungwa ni bidhaa nyingine, na mnunuzi wake aweza kuwa Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka shambani. Huyu hawezi kuinusa kahawa wala kumtazama muuzaji usoni. Maswali yake ni haya: Ni kahawa ya aina gani, na imetoka wapi? Pakiti ina uzito gani, na bei yake ni kiasi gani? Itanifikiaje, na nitalipaje? Na lililo kubwa kuliko yote: nitajuaje kwamba watu hawa si matapeli?

Tovuti iliyo bora ni ile inayoyajibu maswali hayo upesi. Swali la mwisho halijibiwi kwa maneno ya kujisifu. Hujibiwa kwa vitu vinavyoweza kuhakikishwa: leseni ya Bodi ya Kahawa, alama ya ubora ya TBS, picha za shamba na mashine halisi za kikundi, na namba ya simu ambayo mtu huipokea.

Mpango wenyewe hauhitaji kompyuta. Kila ukurasa uandikwe katika karatasi yake, kisha karatasi hizo apewe mtu asiyeijua kazi ya kikundi, aambiwe atafute bei na namna ya kuagiza. Akihangaika kuvipata, kosa limo katika mpango, na kulisahihisha kwa kalamu ni rahisi kuliko kumlipa fundi mara ya pili.

Uzito wa ukurasa

Kila ukurasa una uzito, na msomaji anayetumia kifurushi cha simu ndiye anayeulipia. Maneno 600 ya Kiswahili huchukua takriban kilobaiti 4 tu. Picha moja ya simu ya kisasa yaweza kufikia megabaiti 4, yaani mara 1,000 ya maandishi hayo. Picha 10 za namna hiyo ni megabaiti 40. Kwa kuwa baiti moja ni biti 8, mtandao unaopitisha megabiti 1 kwa sekunde utahitaji sekunde 320, zaidi ya dakika 5, kuzileta. Mnunuzi gani atangoja? Picha hizohizo zikipunguzwa hadi kilobaiti 100 kila moja, zote pamoja zitakuwa megabaiti 1, na zitafika kwa sekunde 8. Kwenye kioo cha simu, jicho halitaona tofauti kubwa.

Jina na siri za wateja

Majina ya tovuti yanayoishia na .tz husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Ya biashara huishia na.co.tz. Jina lisajiliwe kwa jina la kikundi, si la fundi, maana fundi akihama aweza kuondoka na funguo za duka. Aidha, tovuti iwe na anwani inayoanza na https, ambayo hufanya yale anayoyaandika mteja yasafiri yakiwa yamefumbwa.

Majina na namba za simu za wateja ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za watu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na zilindwe. Basi, kikundi kisiulize kisichokihitaji.

Utunzaji

Ujenzi wa tovuti una mwisho, lakini utunzaji hauna. Bei ya msimu uliopita ikibaki ukurasani, mteja ataagiza kwa bei hiyo, na atakapoambiwa nyingine atajiona amedanganywa. Kwa hiyo ateuliwe mwanakikundi mmoja, mwenye siku maalumu kila juma, wa kusahihisha bei, kuonyesha akiba iliyopo na kujibu maswali. Ada ya jina nayo itengwe mapema kila mwaka, kwani jina lisilolipiwa hupotea, na mwingine aweza kulichukua.

Kikundi kisichoweza bado kutimiza agizo la pakiti 20 kwa wakati hakina haja ya kuharakisha tovuti. Kianze na mashine, vipimo na simu inayopokelewa. Hayo yakiwa imara, kurasa tatu nyepesi zenye majibu ya kweli zitamtosha mnunuzi wa mbali.